Shimo la I-70 ni la nani?

Jamani habari za jioni, na wazee shikamooni. Sogeeni huku mbele viti vipo, msiogope, leo hakuna mchango.

Nimeombwa niongelee barabara na hela zake, na nikitupa macho humu ndani naona nusu yenu mnaendesha malori, kwa hiyo barabara za Marekani mnazijua kunizidi. Ila kuna kitu nakisikia sana kwenye vituo vya mafuta, mtu kagonga shimo, rimu imepinda, basi anaanza kuilaani Washington, yaani serikali kuu. Hata mimi nilishapasukiwa tairi, jimbo silitaji, na nikailaani Washington vilevile, kumbe nabisha hodi mlango siyo.

Ile barabara yenye kibao cha ngao, nyekundu juu bluu chini, I-70, I-80, I-95, siyo mali ya serikali kuu. Ni ya jimbo. Serikali kuu inachangia hela na inaweka masharti, basi.

Ilianza 1916, sheria ikasema Washington itachangia mpaka nusu na jimbo litafute iliyobaki. Halafu akaja Eisenhower. Huyu akiwa ofisa kijana 1919 alisafiri na msafara wa malori ya jeshi kutoka Washington mpaka San Francisco, siku 62! Matope, magari yanakwama, madaraja yanavunjika chini yao. Ukishateseka hivyo husahau, kwa hiyo 1956 akiwa rais akasaini sheria kwamba kwenye hizi barabara za ngao serikali kuu itoe asilimia 90 na jimbo 10. Yaani ni kama mjomba anakwambia jenga, bati langu, saruji yangu, fundi wangu, wewe lete misumari. Nani atakataa? Barabara kuu nyingine mgao wake kwa kawaida ni 80 kwa 20, siyo mbaya pia.

Sasa nyumba ikishasimama mjomba anaondoka. Kuziba mashimo, kufyeka majani pembeni, kusukuma theluji, hiyo yote ni hela ya jimbo lenyewe. Mjomba anarudi pale unapomwaga lami upya kipande kizima au unajenga daraja jipya. Mimi hapa ndo naona kasoro maana mwenye bajeti ya kubana anaweza kujiambia kwa nini nihangaike na viraka kila mwaka, acha ichakae kabisa tuje tuifumue kwa hela ya mjomba. Sisemi wote wanafanya hivyo, lakini mtego umetegwa.

Na msidhani Washington inatuma gunia la hela. Jimbo linalipa mkandarasi kwanza, kisha linapeleka madai, linarudishiwa.

Hela yenyewe mnaitoa nyie. Kila galoni ya dizeli mnayojaza, senti 24.4 ni za serikali kuu, petroli senti 18.4, na hizo namba hazijaguswa tangu 1993. Sasa niambieni, kuna kitu gani mnanunua leo kwa bei ya 1993? Magari yanakunywa mafuta kidogo, ya umeme hayanywi kabisa, kwa hiyo tangu 2008 Bunge limekuwa likiuongezea mfuko wa barabara hela za hazina ya kawaida. Kupandisha hiyo kodi hakuna mwanasiasa anataka kusikia. Kenya Julai 2024 walipandisha tozo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, mkawasikia magavana na wabunge wanavyovutana nani aishike.

Tena mchango una kamba. 1974 majimbo yaliambiwa spidi mwisho maili 55 kwa saa, jimbo likikataa linakosa hela za barabara, na hiyo ikadumu mpaka 1995. 1984 likaja la pombe, umri wa kununua uwe miaka 21. South Dakota ilikuwa inaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia nyepesi, ikaenda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi, 1987 ikashindwa. Lami na bia vinahusianaje? Ndo hivyo, mwenye hela ana masharti.

Kuna siku lakini mjomba hutoa zote. Machi 2024 meli ilipogonga daraja la Francis Scott Key kule Baltimore, wafanyakazi 6 wakafa, na hao walikuwa wanaziba mashimo usiku ule, siku mbili tu baadaye serikali kuu ikaachia dola milioni 60 za kuanzia. Kwenye maafa, matengenezo ya haraka inaweza kulipa asilimia 100, ila kujenga upya kwa kudumu mgao unarudi palepale, na kwa barabara ile ilikuwa 90. Jimbo lenyewe, Maryland, likaomba yote. Desemba mwaka uleule Bunge likakubali.

Eeh, kaka wa nyuma naona mkono umechoka, unauliza mbona majimbo hayaweki vibanda vya kulipia kila mahali yakapata hela zao? Yangependa! Ila barabara ya ngao iliyokuwa bure, sheria ya serikali kuu kwa jumla hairuhusu uanze kuilipisha hivihivi. Pennsylvania ilijaribu kwa I-80, ikaomba, ikakataliwa, ikaomba tena, 2010 ikaambiwa hapana. Ndo maana I-80 pale mnapita bure, na ile nyingine ya kusini, ya kulipia, Pennsylvania Turnpike, mnalia nayo.