Maghala ya Dusty Depot: kilichokuwepo jana kinakwenda wapi?

Asanteni kwa kuja. Wale walionisikia nikilisema hili mahali pengine wanivumilie, maana nitalisema tena, na nitaendelea kulisema hadi lisikike. Mada niliyopewa ni jinsi michezo ya mtandaoni inavyobadilika kupitia masasisho ya msimu. Sitaanza kueleza msimu ni nini. Mnajua: kila baada ya miezi miwili mitatu seva zinafungwa, mnashusha faili zito, na mkirudi ramani si ile, silaha mliyoizoea imeondolewa, na pasi mpya, ile tiketi ya kufungulia mavazi na zawadi za msimu, inawasubiri. Hayo tuyaache. Swali langu ni moja tu. Kile kilichokuwepo jana kimekwenda wapi?

Niwapeleke mahali pamoja. Fortnite, ule mchezo wa kuruka kutoka angani, kutua kisiwani na kuwindana. Kisiwa chake cha kwanza kabisa, karibu na katikati ya ramani, palikuwa na sehemu iitwayo Dusty Depot. Maghala matatu, basi. Hapakuwa na mnara wala mtaa. Aliyetua pale mara nyingi alikuwa amekosea kuruka, au anapita tu kwenda penye neema zaidi. Ukiniuliza katika ramani nzima ni wapi palipostahili kusahaulika, ningekuonyesha pale.

Sasa fuateni kwa makini. Msimu wa tatu, mwanzoni mwa 2018, nyota yenye mkia ikatokea angani. Mara ya kwanza ilikuwa nukta tu. Siku zikapita, ikakua. Watu waliokuwa wanawindana wakaanza kuinua macho. Uvumi ukaenea kwamba itaangukia Tilted Towers, mtaa wa maghorofa uliokuwa unapendwa kuliko wote, na kuna waliokwenda kusimama juu ya mapaa kuisubiri, bunduki mkononi, bila kufyatua hata risasi moja. Tarehe 1 Mei 2018 msimu wa nne ukafunguliwa. Kimondo hakikuangukia maghorofa. Kiliangukia maghala.

Pale pasipo na thamani pakawa shimo kubwa lenye kituo cha utafiti ndani yake, na mawe yanayong'aa ambayo ukiyala unaruka kama unyoya. Jina lenyewe likabadilika, pakaitwa Dusty Divot. Ghafla kila mtu anataka kutua pale.

Msimu wa tano, Julai mwaka uleule. Shimo ni lilelile, lakini miti imeota ndani yake na majani yametambaa. Nawaomba mlitazame hilo kama ninavyolitazama mimi. Mchezo wa kupigana hauhitaji miti ile ili watu wapigane. Kuna mtu kwenye timu aliyejiuliza: shimo la kimondo likiachwa hivi hivi kwa muda, linakuwaje? Akaliotesha. Mchezaji aliyekuwepo Mei akitua Julai anaona kwa macho yake kwamba wakati umepita, na kwamba yeye alikuwepo.

Bado sijamaliza. Msimu wa kumi, Agosti 2019, maghala yakarudi. Yote, mazima. Na juu yake, hewani, kimondo kimeganda. Kimesimama palepale kama kilivyokuwa sekunde chache kabla hakijapiga. Mgeni aliona jiwe linaloelea. Aliyekuwepo mwaka mmoja kabla alielewa kwamba amesimama ndani ya ile dakika ya mwisho, akaogopa. Kisha tarehe 13 Oktoba 2019 roketi ikaruka kutoka palepale Dusty Depot, kimondo kikafunguliwa, na kisiwa kizima kikanyonywa na shimo jeusi.

Usiku ule nilikuwa nimekaa na mpwa wangu. Kioo kikabaki cheusi, duara la mwanga likizunguka katikati, basi. Akabonyeza vitufe vyote vya pedi kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Hakuna kilichojibu. Karibu siku mbili mchezo mzima ulikuwa duara lile, na watu wasiohesabika waliliangalia kama wanaokesha. Kijana akalala mbele ya televisheni inayowaka. Kabla ya kulala aliniuliza, "Mjomba, na maghala yetu?" Yetu! Mtoto ambaye sijawahi kumwona akitua pale kwa kupenda. Tarehe 15 kikaja kisiwa kipya, akashangilia kama wenzake, lakini swali lile sijalisahau.

Nasimulia kirefu kwa sababu hivi ndivyo msimu unavyotakiwa kufanya kazi. Naliita kovu. Sasisho zuri linaacha kovu kwenye mwili wa mchezo: ukiligusa unajua hapa palipita jambo. Sasisho baya linabadilisha mwili wenyewe, unaamka asubuhi una mkono wa mtu mwingine na hakuna anayekuambia wako umewekwa wapi.

Najua kuna mtu pale ameshaanza kutikisa kichwa. Anataka kuniambia mchezo usiobadilika hufa. Ndugu yangu, tunakubaliana, tusipoteze muda. Wachezaji milioni wakikaa na kanuni zilezile, baada ya wiki chache wanakuwa wamegundua silaha bora, njia bora, mhusika bora, na kinachobaki ni kuigana. Msimu unavunja hesabu hiyo, kila mtu anaanza kutafuta upya, na kutafuta ndiko raha iliko. Ndiyo maana League of Legends inarekebishwa takriban kila baada ya wiki mbili tangu zamani. Silalamikii mabadiliko. Nalalamikia ufutaji. Watu wanachanganya haya mawili makusudi, kwa sababu wakiyachanganya hoja yangu inaonekana ya mzee anayechukia mapya.

Na ushahidi kwamba mambo haya mawili yanatenganishika upo. Tarehe 20 Machi 2022 Fortnite waliondoa kujenga kuta, yaani ile alama yenyewe ya mchezo. Jasiri sana. Baada ya siku tisa wakarudisha ujenzi, na wakaacha mlango wa pili kwa wasiotaka kujenga. Tangu siku ile milango yote miwili iko wazi na hakuna aliyepoteza. Mchezo mwingine, Path of Exile, wao kila baada ya miezi kadhaa wanafungua ligi mpya, ndiyo misimu yao, na kila mtu anaanza bila hata upanga. Ligi ikiisha, mhusika wako hafi. Anahamishiwa kwenye ligi ya kudumu pamoja na mali yake, na kile wachezaji walichokipenda mara nyingi kinaingizwa kwenye mchezo wa msingi. Mavuno yanaingia ghalani. Ni kazi ngumu kiufundi, lakini haishindikani.

Hoja ya pili ninayoisikia ni nafasi. Kwamba mchezo unavimba, diski zinajaa, kila marekebisho yanachukua muda mrefu kujaribiwa kwa sababu kitu kipya kinaweza kugongana na kitu cha miaka mitatu iliyopita. Hiyo ni hoja ya kweli, siidharau. Ndiyo kampuni ya Bungie waliyoitoa tarehe 10 Novemba 2020 walipoondoa sehemu kubwa ya mchezo wao, Destiny 2: ramani za Mirihi, Io, Titan na Zebaki zikaondoka, na hadithi kuu ya kwanza, Red War, ambayo watu waliinunua dukani 2017. Hadithi ya kufungulia mchezo! Anayeanza leo ni kama msomaji aliyepewa kitabu kilichochanwa sura za mwanzo, akaambiwa aendelee tu, wenzake watamsimulia.

Lakini sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo hoja ya nafasi inapoanguka. Mwaka 2024 mwandishi mmoja aliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya Marekani, akidai hadithi ya Red War imechukuliwa kutoka kwenye maandishi yake. Sisemi nani ana haki. Nasema angalieni jambo moja. Ili kujitetea, kampuni ilihitaji kumwonyesha jaji hadithi yenyewe. Haikuweza kuuwasha mchezo. Ikapeleka video za YouTube zilizorekodiwa na wachezaji, na kurasa za kamusi elezo ya mtandaoni iliyoandikwa na mashabiki. Mei 2025 jaji akakataa kuifuta kesi kwa msingi huo, na kuzikataa zile video na kurasa kama ushahidi katika hatua ile. Fikirini. Walioitengeneza hadithi ile kwa mikono yao, wakiulizwa mahakamani ilikuwaje, inawabidi waazime kumbukumbu ya mtu aliyekuwa anarekodi chumbani kwake. Mtu akiniambia tena kwamba kufuta misimu ya zamani ni suala la wachezaji wenye kulia lia, nitamsimulia kesi hiyo mpaka achoke.

Kuhusu kulia lia. Hii ndiyo hoja ya tatu, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote: kwamba watu hawautaki mchezo wa zamani, wanautamani utoto wao tu. Watengenezaji wa mchezo wa World of Warcraft waliubadilisha ulimwengu wao wa awali mwishoni mwa 2010. Mabara ya zamani yakapasuliwa na kuchomwa, na yakabadilika kwa kila mtu, hata ambaye hakununua toleo jipya. Mwaka 2013, mkutanoni, shabiki aliuliza kama ulimwengu ule wa kwanza utarudi. Jibu kutoka jukwaani lilikuwa, kwa maana yake: mnadhani mnautaka, lakini hamuutaki. Agosti 2019 kampuni hiyohiyo ikaufungua ulimwengu uleule, na foleni za kuingia kwenye seva zikawa za saa nyingi. Novemba 2023 Fortnite wakarudisha kisiwa cha kwanza, na tarehe 4 mwezi huo wakaingia wachezaji milioni 44.7 kwa siku moja, rekodi yao hadi wakati ule. Baada ya kuona hivyo, tarehe 6 Desemba 2024 wakakirudisha kiwe cha kudumu. Vizuri, nawapongeza kwa dhati. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, na usiku wa kwanza alinipigia simu akaniambia ametua kwenye maghala. Mara hii kwa kupenda.

Waliopanga foleni si wote waliokuwepo mwanzo. Wengi walikuwa vijana waliosimuliwa tu na kaka zao. Huwezi kutamani utoto ambao haukuwa wako. Walitaka kuona.

Muda unakimbia, nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu pasi za msimu, nitayapitia mbiombio. Pasi ikisema vazi hili halitapatikana tena kamwe, inauza hofu. Kuanzia Agosti 2024 Fortnite walisema mavazi ya pasi mpya yanaweza kurudi sokoni baada ya miezi 18 au zaidi. Waliokuwa nayo walikasirika, na mimi nawaelewa ila siwaungi mkono. Mengine kuhusu pasi mtayasoma kwingine. Kuhusu urari wa silaha pia naruka, kila mtu ana maoni yake na hakuna atakayemshawishi mwenzake leo.

Nimalizie na mchezo wa RuneScape, kwa sababu humu ndani naona watengenezaji. Mchezo ule ulibadilishwa sana, wachezaji wakahama, malalamiko yakawa miaka nenda miaka rudi. Kisha Jagex, kampuni yenye mchezo huo, wakatangaza kwamba wamepata nakala ya akiba ya seva, ya Agosti 2007. Nakala moja, ya mwezi mmoja. Wakapiga kura na wachezaji wao, zikaja karibu kura 450,000, na tarehe 22 Februari 2013 dunia ile ya kale ikafunguliwa. Nayo haikukaa kama sanamu. Inasasishwa hadi leo, ila pendekezo kubwa linapigiwa kura na wachezaji kwanza, kwa miaka mingi kiwango kikiwa asilimia 75, baadaye kikashushwa hadi 70. Na kwa miaka sasa ina wachezaji wengi kuliko ile iliyokuja kuchukua nafasi yake.

Kama nakala ile ingekuwa imefutwa ili kupata nafasi, hapangekuwa na cha kupigia kura. Kwa hiyo nyinyi mnaotengeneza, nina ombi dogo kuhusu msimu wenu ujao. Usiku ule wa kufunga seva, kabla hamjapakia kipya, wekeni nakala ya kilichopo, pamoja na mashine na programu ya kukiwasha. Faili peke yake halitoshi, wale wa Destiny 2 wamekwisha kutuonyesha. Andikeni kwenye karatasi namna ya kukiwasha, mpeni mtu mmoja jukumu hilo kwa jina lake, na kila mwaka akiwashe mara moja aone kama bado kinawaka.

Mratibu ameshasimama. Karibuni kwa maswali, na tuanze na yeyote aliyewahi kutua Dusty Depot kwa hiari yake kabla ya kimondo. Anyooshe mkono, nina hamu ya kumwona.