Kufufua cherehani kongwe ya ngozi iliyoshikwa na kutu

Karibuni, watazamaji. Hii mnayoiona mezani ni Singer 29K, cherehani ya mafundi viatu iliyoundwa Clydebank, Uskoti. Kutu imeitapakaa na gurudumu haligeuki. Wengi wakiikuta hivi husema imekufa. Mara nyingi haijafa, ila mafuta ya zamani yameganda ndani yakawa kama gundi.

Kabla hujagusa skrubu, piga picha kila upande. Piga nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Sasa dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, na popote chuma kinaposuguana na chuma. Iache mpaka kesho. Kesho yake shika gurudumu, lisukume mbele na nyuma kidogo tu, upana wa kidole. Likigoma, ongeza mafuta, subiri tena. Usiligonge nyundo! Kipuri kikivunjika, kukipata kingine ni kazi.

Tazama hapa kwenye kichwa, nisogeze kamera. Kwenye cherehani hii mguu wenyewe, yaani kile chuma kinachokandamiza ngozi penye sindano, ndio unaovuta ngozi, na unazunguka duara zima, ndiyo maana fundi hushona upande wowote bila kugeuza kiatu. Kwangu mimi, hapa ndipo penye roho ya mashine. Safisha shingo yake kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, zungusha, pangusa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi na mguu ugeuke kwa kidole kimoja.

Unapofungua skrubu, bisibisi ijae mfereji wake sawasawa. Ikiwa nyembamba itautafuna mfereji, na hapo umejiongezea kazi.

Vipande vidogo vyenye kutu vilaze ndani ya siki usiku mmoja. Asubuhi visugue, vioshe kwa maji yenye magadi kidogo, vikaushe papo hapo na uvipake mafuta, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upesi. Springi usizitie, asidi inaweza kuzifanya zikatike. Chuma kitupu kikubwa kisugue kwa brashi ya shaba na mafuta.

Rangi nyeusi na maua ya dhahabu, tafadhali, yahurumie. Hapana msasa, hapana spiriti, hapana thina. Kitambaa laini na mafuta ya cherehani vinatosha.

Ikishakuwa nyepesi, toa mafuta ya taa yote, kisha weka mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, yataganda na kukurudisha tulikoanzia.

Sindano: chukua 29x3, yenye ncha ya kukata ngozi. Zile 29x4 ni za kitambaa. Tumia uzi wa nailoni usio mnene sana, kwa sababu bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ndogo. Mshono usiwe mfupi kuliko milimita 3; matundu yakikaribiana, ngozi huchanika kwenye mstari.

Jaribu kwenye kipande chakavu, ukizungusha kwa mkono. Vitanzi vikijitokeza chini, kaza uzi wa juu robo mzunguko. Fundo, pale uzi wa juu na wa chini unapokutana, linatakiwa lizame katikati ya ngozi. Endelea kushona vipande chakavu mpaka mguu usiache doa la mafuta, ndipo ulete ngozi ya mteja.