Kimbunga kinakuja na uko Japani: fanya haya mapema

Habari zenu watazamaji, karibuni. Video hii ni yako wewe unayesoma, unayefanya kazi au uliyekuja kutembea Japani, na tangu jana simu inakuonyesha duara linalopanda kutoka kusini. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki vimbunga ni vya nadra, ndiyo maana Hidaya ya Mei 2024 ilitushtua. Huku Pasifiki ya magharibi huzaliwa kama 25 kwa mwaka, na wastani wa vitatu huikanyaga Japani yenyewe, hasa Agosti na Septemba. Utawaona majirani wametulia. Usiwaige utulivu tu, wao wameshajiandaa.

Kwanza ramani. Tazama hapa kwenye skrini, hii ni ya Idara ya Hali ya Hewa ya Japani. Ndani ya duara jekundu upepo unafika mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, na hapo kutembea nje ni kujitafutia balaa. La njano linaanzia mita 15. Sasa haya meupe yaliyo mbele ndiyo wengi huyasoma vibaya. Hayaonyeshi ukubwa wa kimbunga. Yanasema kwamba saa iliyotabiriwa kwa kila duara, kitovu kina uwezekano wa asilimia 70 kuwa popote ndani ya duara. Kwa hiyo ukiona mstari wa katikati umepita kando ya mji wako, usishangilie bado. Na ukiwa upande wa kulia wa njia yake, tegemea upepo mkali zaidi, kwa sababu huko kasi ya mzunguko na kasi ya safari yake vinajumlishwa.

Pili, tafuta ramani ya hatari ya manispaa unayoishi. Utaipata bure ofisini kwao au kwenye tovuti yao. Rangi zinaonyesha maji yatafika kina gani mto ukifurika, na miteremko ipi inaweza kuporomoka. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi, maana tunaogopa upepo huku tukiyasahau maji. Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipopita, mto Chikuma ulivunja tuta huko Nagano na treni 10 za mwendo kasi, Shinkansen, zikazama zikiwa zimeegeshwa kwenye karakana yao. Eneo lile lilikuwa limeshapakwa rangi kwenye ramani. Kama chumba chako kiko chini na mtaa una rangi, panga kuondoka. Kama uko ghorofa ya nne kwenye jengo la zege mbali na mteremko, kubaki ndani kunaweza kuwa salama zaidi. Kituo cha kujihifadhi kinaitwa hinanjo, mara nyingi ni shule. Nenda ukaione njia mchana.

Tatu, manunuzi, siku moja kabla au zaidi. Maji lita 3 kwa mtu kwa siku, ya siku tatu. Chakula kisichohitaji jiko, kwa hiyo unga wa sembe uache kabatini. Tochi, pawabenki, dawa zako, pasipoti na kadi ya ukaazi kwenye mfuko usiopitisha maji. Toa na noti benki: Septemba 2019 kimbunga Faxai kilikata umeme mkoani Chiba, kwingine kwa zaidi ya wiki mbili, na bila umeme mashine ya kadi haina kazi.

Wasafiri, reli husitisha treni kwa ratiba inayotangazwa mapema, wakati mwingine jua likiwa bado linawaka. Fuata tangazo, usifuate anga.

Nne, twende roshani. Fito ya kuanikia nguo iteremshe, ilaze sakafuni au iingize ndani. Vyungu, kandambili, ndoo, vyote ndani. Sogeza kamera hapa pembeni: hili tundu la kutolea maji limezibwa na majani na nyuzi za nguo. Lizibue kwa mkono, la sivyo maji yatapita chini ya mlango wa kioo. Funga shata, kile kifuniko cha nje cha dirisha, kama ipo, vuta pazia, kitanda kisogeze mbali na dirisha. Jaza beseni la kuogea maji ya kumwagia chooni. Ukiwa ghorofa ya chini, chukua mifuko miwili ya taka, mmoja ndani ya mwingine, tia maji nusu, funga, uweke ndani ya choo kuzuia maji taka yasirudi juu.

Tano, tahadhari za kuhama, zenye ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 3 wazee na wenye watoto wadogo huondoka. Mgeni asiyejua Kijapani naye aondoke hapo, ndivyo ninavyoona mimi. Ngazi ya 4 kila aliye eneo la hatari anaondoka. Ya 5 maana yake umechelewa, panda juu ulipo. Pakua programu ya simu ya tahadhari iitwayo Safety tips, na habari za Kiswahili zipo NHK WORLD-JAPAN, ya shirika la utangazaji la Japani. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi 110.

Upepo ukikatika ghafla usiku, usitoke. Huenda ni jicho linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Asubuhi kaa mbali na nyaya zilizoanguka. Nyumba ikiwa imeingia maji, piga picha pande zote nne na alama ya maji ukutani kabla hujashika ufagio, kisha uzipeleke manispaa kuomba cheti cha uharibifu, risai shomeisho. Misaada mingi inaanzia kwenye karatasi hiyo.