Kulala Chali na Kulala Usingizi

BI REHEMA: Maalim Athman, nimesoma tangazo la mzizi unaouzwa kuwa dawa ya usingizi, na hoja yake kuu ni kwamba panya walionyweshwa mzizi huo "walilala" kwa muda mrefu zaidi. Je, hoja hiyo inatosha?

MAALIM ATHMAN: Haitoshi, Bi Rehema, na taabu inaanzia kwenye neno lenyewe, kwani sisi husema mtu amelala hata akiwa amejinyoosha barazani bila lepe la usingizi. Katika jaribio hilo linalotumika tangu zamani, panya aliyekwisha kunyweshwa mzizi hudungwa sindano ya pentobabitali, dawa ya kulaza, kisha hulazwa chali, na mtafiti huhesabu dakika tangu aliposhindwa kujigeuza hadi atakaposimama tena kwa miguu yake minne.

BI REHEMA: Basi mzizi ukizirefusha dakika hizo, si umeleta usingizi?

MAALIM ATHMAN: Si lazima. Pentobabitali huvunjwavunjwa na ini, kwa hiyo kitu chochote kinachozuia vimeng'enya vya ini vinavyofanya kazi hiyo, hata dawa ya kuua bakteria kama kloramfenikoli, kitamwacha panya chali muda mrefu bila kuugusa usingizi wenyewe. Ndiyo maana mtafiti makini hurudia jaribio kwa babitali, dawa kongwe ya mwaka 1903, ambayo sehemu yake kubwa hutolewa na figo bila kubadilika. Muda ukirefuka huko pia, angalau ini limeondolewa mashaka.

BI REHEMA: Na lile jaribio jingine la panya, la kijiti kinachozunguka?

MAALIM ATHMAN: Hilo ni la rotarodi, lililoelezwa na watafiti Dunham na Miya mwaka 1957. Panya huwekwa juu ya kijiti, na anayeanguka mapema huenda amelegea misuli tu. Mimi naliona lafaa zaidi kuonyesha madhara kuliko manufaa, maana mzee anayeamka usiku kwenda msalani na dawa ya namna hiyo mwilini anaweza kuporomoka, na ngazi za nyumba za Mji wa Kale unazijua.

BI REHEMA: Nazijua sana, marehemu nyanya yangu alikuwa akizishuka kwa kukaa, kidato baada ya kidato.

MAALIM ATHMAN: Kipimo cha kuaminika ni umeme wa ubongo pamoja na wa misuli, kwa sababu ndicho kinachotenganisha usingizi mzito, usingizi wa ndoto na kupoteza fahamu. Suvoreksanti, dawa ya usingizi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huzuia oreksini, kemikali ya kutuweka macho iliyogunduliwa mwaka 1998, nayo ilipimwa hivyo kwa panya, mbwa na tumbili. Saa nayo ni muhimu: panya hulala mchana, hivyo ukimpa dawa adhuhuri utamkuta tayari usingizini, na sifa itakwenda kwa dawa isiyostahili.

BI REHEMA: Ngoja nilifungue tena tangazo hapa kwenye simu. Naam, limetaja pentobabitali peke yake. Saa haikutajwa, na umeme wa ubongo haumo kabisa.