Mkono umelegea: umeumia neva za juu au za chini?

Karibuni. Leo niko Mwandiga, hapa kwetu Kigoma. Kijana huyu aliyekaa kwenye kigoda ni mzima. Ametuazima mkono wake tuonyeshee. Wauguzi, matabibu wa zahanati, na wewe mwenye ndugu aliyeumia, video hii ni yenu.

Tazameni kidole changu kinapopita. Neva za mkono, yaani mishipa ya fahamu, hutoka shingoni kwa mizizi mitano, zinapita nyuma ya mtulinga, zinaingia kwapani. Kila mzizi una jina la pingili: C ni ya shingo, T ni ya kifua. Mizizi ya juu, C5 na C6, huendesha bega na kukunja kiwiko. Ya chini, C8 na T1, huendesha vidole. C7 iko katikati.

Kwanza, uliza aliangukaje. Usimshike bado. Aliyerushwa na bodaboda akatua kwa bega, kichwa kikaenda upande wa pili, amevutwa neva za juu. Lakini mkwea michikichi aliyeteleza akadaka kuti kwa mkono mmoja, mwili wote ukaning'inia hapo, huyo shaka yangu iko chini. Ajali kubwa huweza kukata zote tano, na hapo mkono mzima hulala.

Pili, tazama. Kijana, legeza mkono. Ugeuzie ndani, nyoosha kiwiko, kiganja kielekee nyuma. Hivyo ndivyo unavyoning'inia mkono wa jeraha la juu. Wa jeraha la chini, bega halina neno, ila vidole hujikunja kama kucha za mwewe.

Tatu, mwamrishe. Nyanyua mkono pembeni. Kunja kiwiko. Akishindwa haya mawili na bado anakushika vidole kwa nguvu, ni juu. Sasa bana karatasi hii katikati ya vidole, nami naivuta. Mnaona anavyoishikilia? Mwenye jeraha la chini huiachia mara moja.

Nne, afumbe macho, umguse kwa pamba. Ganzi ya juu hukaa upande wa nje wa mkono hadi kidole gumba. Ya chini hukaa upande wa ndani hadi kidole cha mwisho.

Hapa naomba tutulie, maana wengi tunakosea. Aliyekatwa na panga kwenye kifundo cha mkono naye vidole vyake hujikunja, hasa viwili vya mwisho. Huyo hajaumia shingoni. Gusa mkono upande wa ndani, kati ya kiwiko na kifundo: kama anahisi vizuri, na misuli ya kidole gumba bado ina nguvu, rudi ukatafute jeraha kwenye kifundo au kiwiko.

Tano, mtazame usoni. Kope ya upande ulioumia ikilegea na mboni ikawa ndogo kuliko ya pili, mzizi wa T1 umeguswa karibu na uti wa mgongo. Augusta Klumpke alilieleza jambo hili mwaka 1885, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Paris. Mzizi uliong'oka haujiungi wenyewe. Mgonjwa huyu msimwambie "subiri kidogo", apelekwe haraka.

Kwa mtoto mchanga aliyekwama bega wakati wa kuzaliwa, weka kidole chako kiganjani mwake. Akikikamata lakini mkono haunyanyuki, ni juu, na wengi wao ndivyo walivyo. Mtulinga pia uchunguzwe, huenda umevunjika. Mama, usimvute mkono wala usikubali akandwe kwa nguvu. Ukimvika nguo, anza na mkono mgonjwa, ukimvua, umalizie. Akifika miezi 3 hajaanza kukunja kiwiko, aonwe na daktari wa upasuaji wa neva.

Neva iliyojeruhiwa hukua kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo tarehe ina maana kubwa. Kwenye karatasi ya rufaa andika siku aliyoumia, alivyoanguka, na kila alichoweza na alichoshindwa kufanya leo.