Dawa ya Mbwa Haigawanywi na Paka

Mabibi na mabwana, wale walionisikia mwaka jana watanisamehe, kwa kuwa nitaanza tena na kisa kile kile cha paka aliyeletwa kwangu ndani ya kikapu cha ukindu, na nitaendelea kukisimulia hadi nitakapoacha kuletewa paka wa namna hiyo.

Mama aliyemleta alikuwa na mbwa mmoja na paka mmoja, wote wakisumbuliwa na viroboto. Alikwenda katika duka la dawa za mifugo, ambalo sitalitaja, akauziwa kichupa cha dawa ya mbwa ya kudondoshea shingoni, na muuzaji akamshauri ampake mbwa nusu na paka nusu ili asiingie gharama mara mbili. Alimshauri kwa nia njema, sina shaka, lakini tufanye hesabu. Kichupa kilikuwa na mililita 2 za dawa yenye asilimia 50 ya pamethrini, kemikali ya kuua wadudu, kwa hiyo nusu yake ilikuwa na miligramu 500, na paka yule alikuwa na uzito wa kilo 4. Hizo ni miligramu 125 kwa kila kilo, ilhali miligramu 100 kwa kilo zinatosha kuyatia hatarini maisha ya paka. Jioni masikio yalianza kumchezacheza, usiku akatetemeka mwili mzima huku akitokwa na mate, na alfajiri, alipofika kwangu, alikuwa katika degedege na mwili unawaka moto. Mbwa aliyepakwa dawa hiyo hiyo alikuwa amebaki nyumbani akibweka kama kawaida.

Paka huyo alipona baada ya siku 3 za sindano za kuzuia degedege na dawa ya kulegeza misuli. Baadhi ya niliowapokea baadaye hawakupona.

Tofauti iko kwenye ini. Ini la mbwa huivunja pamethrini na kuiunganisha na asidi ya glukuroni, kemikali ya mwili wenyewe, ili itoke mwilini, na uwezo huo wa kuunganisha ni hafifu mno kwa paka, jambo ambalo ndilo pia linalofanya parasetamoli ya binadamu imuue. Basi msiniambie kwamba paka ni mbwa mdogo anayehitaji dozi ndogo.

Najua mtu wa Njombe au Nakuru ataniuliza inakuwaje dawa iliyotokana na pareto, ua lililowasomesha watoto wa kwao, iwe sumu. Pamethrini haichumwi shambani. Iliundwa maabara nchini Uingereza mwaka 1973 kwa kuigiza kemikali za ua hilo, na iliundwa makusudi isiharibiwe upesi na jua kama pareto yenyewe. Mwingine atasema paka wake hulala kila siku juu ya chandarua chenye dawa na hajadhurika. Vyandarua vya pamethrini, kama vile vilivyotengenezwa Arusha, hubeba takriban asilimia 2 tu, nayo imo ndani ya nyuzi ikitoka kidogo kidogo. Kuilinganisha na kichupa kinachomiminwa juu ya ngozi ni kulinganisha umande na mafuriko.

Maziwa hayakati sumu hii. Paka anayetetemeka akinyweshwa maziwa kwa nguvu, huenda yakaingia mapafuni, na hapo mtakuwa mmeniletea magonjwa mawili. Kama bado hajaanza degedege, mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, si maji ya moto wala ya baridi, mkausheni, mfunikeni, kisha mje naye pamoja na kichupa chenyewe, hata kama ni kitupu. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 3, kwa hiyo msisubiri mzione. Mwenye mbwa aliyepakwa dawa hii amtenge na paka kwa muda huo huo, maana paka humlamba mwenzake na kulala ubavuni mwake.

Nilikusudia kueleza pia kuhusu amitrazi ya kuogeshea ng'ombe, ambayo watu huwamwagia mbwa bila kupima, na unga wa kabarili wa kuulia wadudu wa kuku, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Vichupa hivi vitupu vipitishwe mkono kwa mkono. Someni lebo, na jina la dawa likiishia na "thrin", kichupa hicho kiwekeni upande wa mbwa. Maswali nayapokea, isipokuwa la maziwa.