Mnaniuliza kwa nini wafugaji wa huku Nevada hawauzi ng'ombe wakapumzika

Haya wadau, leo nalijibu hili maana kila nikiposti video ya ng'ombe mnaandika yaleyale, eti hao Wazungu wamepewa ardhi ya bure na serikali ndo maana hawaachi kufuga. Najua kuna atakayesema najifanya mjuaji wa Marekani na mwingine atasema nalalamika, sawa tu, ila mi lori langu linawapelekea majani makavu hawa wafugaji wa Elko, huku huku Nevada, mwaka wa sita huu, nawaona.

Bure hakuna jamani. Nevada karibu asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu, mfugaji ana shamba lake dogo penye maji, malisho mengine anachunga ya serikali kwa kibali cha miaka 10, utaratibu wa sheria ya 1934. Ada ndogo kweli, 2024 ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake, na hapo ndo mnaposhikilia. Lakini fensi anarekebisha yeye, maji anahangaika nayo yeye, ng'ombe akipotelea milimani anamfuata na farasi. Tarehe ya kuingiza na kutoa imeandikwa, idadi imeandikwa, moto ukipita mara nyingi anaambiwa aache eneo lipumzike misimu miwili, sasa hao ng'ombe wale nini? Ndo ananunua majani, na bili naipeleka mimi mwenyewe, inatisha.

Na mambo ya makaratasi msinianzishe, mi kibali changu cha kazi kilichelewa miezi 7 nikakaa ndani bila kuendesha, na huko nyumbani meseji zinaingia tu tuma ada ya shule tuma ada, kuna ndugu yangu mpaka leo hanisalimii kisa nilimwambia sina. Kwa hiyo nikimkuta mzee wa watu na mafaili yamejaa mezani namuelewa kabisa.

Kuna mzee mmoja kati yao, mke wake anafundisha, mshahara na bima ya afya vinatoka kwa mama, mwaka mbaya ng'ombe hawaleti kitu. Nikamuuliza mbona usiuze. Akasema ng'ombe wake wanaujua ule mlima, ng'ombe mama anamfundisha ndama wake maji yako wapi, baridi ikianza washuke na njia ipi, tangu enzi za babu yake, ukileta wa mnadani wanazunguka tu mpaka wanakonda. Akiuza hawezi kununua tena kitu kama hicho.

Mi nilinyamaza. Baba yangu aliuza ng'ombe wake wote ili nisome, na mwaka mzima alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri anaenda kusimama kwenye zizi tupu.

Simshauri mtu auze au asiuze, kila mtu na hesabu zake, na wapo huku waliouza na wana amani. Ila huyu mzee ana watoto watatu, anayetaka ng'ombe ni binti wa mwisho tu, na mwezi wa nne huu huyo binti ndo anawapandisha mlimani.